Nguzo Kumi na Mbili za Kanyange

Kanyange alianza kutengeneza nguzo za plastiki pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale baada ya mchwa kumaliza miti ya nyumba yake. Aliokota majerikeni yaliyotoboka na viti vya plastiki vilivyovunjika, akavikatakata, akaviyeyusha ndani ya pipa na kuvimimina kwenye bomba la chuma. Nguzo zilitoka nyeusi, nzito, zisizoliwa na mdudu. Watu walizipenda. Kumi na mbili zilishika paa la kanisa la baba yake mdogo, Mchungaji Eliezeri, aliyemlea tangu walipokimbia vita vya Kivu.

Habari zikamfikia Dokta Kyomugisha, mhadhiri wa kemia mjini Mbarara. Akamwita maabara, aje na nguzo moja. Waliikata kwa msumeno wa mashine. Nje ilikuwa imara. Ndani, kiini chote kilikuwa kimeachana tabaka kwa tabaka, kama kitunguu.

"Wewe angalia hapa," alisema Dokta. "Plastiki ya jerikeni na ya kiti hazipatani. Ukikoroga, moja inakuwa matone ndani ya nyingine. Nje inapoa mbio, matone yanabaki madogo. Ndani inakaa moto, matone yanaungana, yanakuwa makubwa. Hapo ndipo inapasuka."

"Mbona bipande bidogo nilipimaka habikupasuka?" aliuliza Kanyange kwa Kiswahili cha kwao Kivu.

"Vilikuwa vyembamba. Vilipoa mbio."

Siku tatu walijaribu. Dokta alitoa mkebe wa unga mweupe, mwepesi kuliko majivu, ambao chembe yake moja ni ndogo mara elfu kuliko upana wa unywele. Walitia kidogo tu. Chembe zile zikajipanga pale plastiki mbili zinapogusana, zikayazunguka matone na kuyazuia yasiungane. Nguzo mpya ilipokatwa, kiini kilikuwa sawa na ganda. Dokta alipiga makofi, akampa unga uliobaki, akamwahidi kazi hapo hapo maabara, kuanzia Jumatatu ya wiki ya pili.

Kanyange alishindwa hata kutabasamu. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiliona akilini paa la kanisa, na kwaya ikiruka chini yake.

Aliporudi Nakivale alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji.

"Baba mudogo, zile nguzo zimeharibika mu ndani. Paa itatuangukia."

Eliezeri alivua miwani. "Zimesimama mwaka muzima, mwanangu. Batu balibeba mabati ku bichwa juu ya kujenga hii fasi ya Mungu. Nibaambie nini? Kama binti yangu alibadanganya?"

"Sikujua."

"Basi, endelea kutojua."

Jumapili Kanyange alikaa benchi la nyuma, karibu na nguzo. Kila ngoma ilipopigwa, alitazama juu kwenye paa. Akitoka kimya, atajiokoa peke yake. Akisema, atamwaibisha mzee mbele ya waumini wake wote. Kwaya ilipoanza wimbo wa tatu, na kuruka kukazidi, akajikuta amesimama.

"Mutoke! Mutoke bote!"

Wengine walidhani ameshukiwa na Roho, wakaitikia amina. Ikambidi aeleze habari ya nguzo. Alipomaliza, macho yote yakamgeukia Eliezeri. Mzee alifunga Biblia polepole.

"Mutoke," alisema.

Jumanne wanaume walishusha mabati. Walipoing'oa nguzo ya tano, ilivunjika katikati mikononi mwao. Hakuna aliyeumia. Eliezeri aliokota kipande, akakichambua kwa kucha, likatoka jani jembamba jeusi la plastiki. Alilitia mfukoni, akaondoka bila kumtazama Kanyange. Tangu siku hiyo humsalimu kwa kichwa tu.

Kabla ya wiki kwisha, nguzo zilianza kurudi: za mabanda ya mbuzi, za vyoo, za duka la Bernardine, jirani yake Mrundi. Zilirundikwa mpaka zikaziba mlango, akawa anapita ubavuubavu. Unga aliopewa na Dokta ungetosha kuyeyusha upya nguzo tisa tu.

Jumatatu ya kazi ilipofika, simu ililia.

"Kanyange, uko wapi?"

"Sitaweza kuja, Dokta. Nikitoka hapa sasa, batasema nimebatoroka."

"Mpaka lini?"

Kanyange aliweka simu juu ya pipa, akashika msumeno. Bernardine alikuwa tayari amesimama pale nje, mtoto mgongoni, akinyoosha kidole kwenye rundo.

"Zangu ni zile za chini," alisema. "Utazifikia siku gani?"