Shemeji Asiyekauka

Baraza la hataza, lile la haki za wavumbuzi, lilitoa uamuzi wake asubuhi, na kabla ya mapumziko ya chai shemeji wa mhandisi alikuwa ameanza kuvuja maji. Yalianzia viganjani, yakaloanisha shati, yakashuka hadi kwenye soksi. Karani alimsogezea ndoo, akaendelea kupiga mihuri.

Mhandisi ndiye aliyegundua kwamba elektrodi, zile tabaka nyembamba za ndani ya betri, zisikaushwe kabisa kabla ya kubanwa kwenye rola. Ziachiwe unyevu kidogo, zibanwe, ndipo zimaliziwe kukaushwa. Kiwanda kilichomwajiri zamani kiliichukua njia hiyo, kisha kikaomba hataza aliyopewa mhandisi ifutwe, eti jambo lenyewe lilikuwa wazi mno kuitwa uvumbuzi. Shahidi wao alikuwa shemeji, mume wa dada yake, msimamizi wa chumba cha kukaushia. Alikula kiapo, akasema fundi yeyote angelifikiria. Ni huyuhuyu aliyekuwa akimcheka mbele ya wafanyakazi: "Shemeji, unatengeneza betri au unakanda unga?"

Hataza ikafutwa. Mhandisi alitoka mle ndani roho ikimchoma, akamtakia mabaya bila kuona haya. Hakuwa mwanamke wa kusema yaliyopita si ndwele.

Daktari alimpima shemeji, akaandika kwamba mgonjwa ana maji. Nyumbani magodoro yaliota ukungu, milango ikavimba isifungike. Kiwandani walimwondoa chumba cha kukaushia, maana tone moja linatosha kuharibu kazi ya kutwa. Ila kwa kuwa alikuwa mtu wao, walimruhusu kwanza aketi ndani ya tanuri. Alikauka mpaka visigino vikapasuka. Alipotoka mlangoni akalowa upya, zaidi ya mwanzo.

Dada mtu akaja kwa mhandisi, amevaa mabuti ya mvua.

"Mdogo wangu, nyumba inaoza. Mwambie la kufanya. Wewe unalijua."

"Nalijua."

"Sasa?"

"Si aliapa kwamba fundi yeyote angelifikiria? Naye ni fundi. Mwache afikirie."

Dada alilia. Mhandisi alimpenda dada yake, akampa mashuka makavu, na mwishowe akalegeza kamba kidogo tu. "Akaseme kweli barazani. Akisema, nitamkausha siku hiyohiyo."

Shemeji akaenda. Alisimama palepale alipoapia, maji yakimtiririka, akasema hakuwahi kulifikiria jambo lile, wala hakumjua mwingine aliyelifikiria, na kwamba alidanganya ili asifukuzwe kazi. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru. Akaeleza kwamba muda wa rufaa ulikwisha pita. Na isitoshe, kwa jinsi njia hiyo ilivyoelezwa vizuri, kila aliyemo ukumbini sasa anaona ilivyo wazi. Karani akapiga deki.

Ahadi ni deni. Mhandisi alimwanika shemeji juani hadi akawa mbichimbichi, akamlaza kati ya milango miwili iliyovimba, dada akakaa juu yake kwa muda, kisha wakamrudisha juani. Alikauka kabisa.

Jumatatu alirudi kazini, akapewa chumba chake cha zamani na koti jipya. Aliziachia elektrodi unyevu kidogo, akawasha rola. Malori yalitoka getini yamejaa betri kama kawaida, yakapita mbele ya nyumba ya mhandisi.

Alisimama dirishani akiyatazama. Katika mambo yote yale, alijutia moja tu: kumkausha.