Nozeli Nne za Ki-cheol

Fundi Pyo alimfungua samaki mkavu aliyening'inizwa kwa uzi mweupe chini ya boneti ya gari la vifurushi, akamweka juu ya stuli, kisha akaanza kuchomoa nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini. Kwa desturi ya Korea, samaki huyo huwekwa ili gari lisipate ajali, na kwa kweli halikuwa limepata. Tak Ki-cheol, msambaza vifurushi, alilisimamisha vizuri uani mwa maghorofa ya Incheon, akavuta breki ya mkono, moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka thelathini na sita.

Mama yake, Bi Ok Bun-rye, alitaka nozeli zisafishwe ili gari liuzike. Pyo akazitumbukiza zote nne kwenye dawa ya mashine ya kuoshea, mashine ikatetemeka, masizi yakaanza kutoka, na pamoja nayo sauti ya Ki-cheol.

“Samahani mteja, nimechelewa. Kifurushi kipo mlangoni.”

Pyo alilijua jambo hilo. Masizi ya dereva anayeshinda garini hutunza maneno yake. Ya juu ni ya siku za mwisho, ya chini ni ya zamani, na neno likishatoka halirudi. Akazima mashine, akamwambia mama amwite mtu wa kampuni aje asikie ushahidi kabla masizi hayajaisha.

Meneja Bang alikuja na boksi la juisi, kama mgeni mwenye adabu. Wakasikiliza pamoja.

“Leo nimefanya kazi kwa saa kumi na nane, meneja. Kifua kinabana. Naomba kesho nipumzike.” Masizi yakatoka kidogo. “Haya, meneja. Nitakuja.”

“Ni yeye,” Bang akasema, kichwa chini. “Simu hiyo niliipokea mimi. Lakini mama, mwanao alisaini kwamba si mwajiriwa wetu, ni bosi wake mwenyewe. Fomu ya fidia ina nafasi ya daktari na ya polisi. Ya nozeli haina.”

“Bosi!” akasema Bi Bun-rye. “Bosi gani huyo anaomba ruhusa ya kuugua?”

Bang akainama, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la huyu lilisikia vizuri kabisa, na hilo ndilo lililouma.

“Endelea kuosha, fundi.”

Sasa mama alitaka neno aliloambiwa yeye mwenyewe, hata moja. Zikatoka samahani za miaka sita, zote za watu asiowajua, mpaka dawa ikawa nyeusi tii. Mwisho kabisa, kwa mbali: “Mama, umekula? Kula tu, usinisubiri.”

Alikuwa akimsubiri kila siku. Akalia kwa sauti, ameshika aproni ya Pyo, naye Pyo akashindwa kujizuia.

Alipozijaribu nozeli, mirija minne ya kioo ya kupimia ikajaa sawasawa. Akazirudisha, akawasha gari. Injini ikanguruma laini, haisemi kitu.

“Unaweza kuzichafua tena?”

“Ni kuliendesha tu, mama. Lakini masizi yatakuwa ya huyo anayeendesha.”

Bi Bun-rye hakujua kuendesha. Akapanda upande wa abiria, akafunga mkanda, akakaa.