Fundo la Mtoto wa Fundi

Fundi hakuwa na mama. Alimzika kabla hajajifunza kutia uzi kwenye sindano. Hakuwa na dada wa kumnong'oneza mambo ya kike, wala shangazi wa kumkemea. Mume alikuwa naye na hakuwa naye: kijana wa watu alikuwa anajenga daraja mahali ambapo simu haikamati. Hakuwa na mimba nyingine ya kulinganisha na hii, kwa kuwa hii ndiyo ya kwanza. Na hakuwa na ngozi ngumu. Kicheko cha watu kilimwingia kama sindano chini ya ukucha.

Alichokuwa nacho ni cherehani ya miguu katika chumba cha mbele cha nyumba ya wakwe zake, na mtoto tumboni aliyeipenda cherehani ile kuliko wateja walivyoipenda. Kila asubuhi Fundi akianza kukanyaga, mtoto naye anaanza. Alipiga teke upande wa kulia, akazunguka, akasukuma kiwiko hadi gauni likainuka. Fundi akisimama kukata uzi, naye anapumzika.

"Tuko wawili kazini," aliwaambia wateja, "na huyu wa ndani ndiye mwenye bidii."

Siku moja katika mwezi wa nane wa mimba mtoto alichelewa kuamka, na Fundi akakimbilia hospitali. Mkunga alimsikiliza mtoto, akamkuta mzima. Nyumbani Fundi alipokelewa kwa kicheko. Shemeji yake, kaka wa mumewe, anayesambaza mikate kwa gari, alimpa jina: Mama Kengele. "Hata paka akipiga chafya, kengele inalia!" Jina likanata kama gundi.

Lakini mkunga hakucheka siku ile. Alimwambia, "Umefanya vizuri. Kila mtoto ana mwendo wake, na mwendo wa huyu unaujua wewe, siujui mimi. Ukibadilika, njoo siku hiyo hiyo. Hata mara kumi, njoo."

Mwezi wa tisa uliingia. Asubuhi moja, kabla ya chai, mtoto alifanya jambo geni. Alitapatapa. Hayakuwa mateke aliyoyazoea Fundi. Ilikuwa vurugu ya mfululizo, kama kuku aliyenaswa mguu kwenye kamba, hadi Fundi akashika ukingo wa meza. Kisha mtoto akaacha ghafla.

Fundi alikaa kwenye cherehani, akakanyaga. Gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, kipande cha sare ya shule kikapita chote chini yake. Tumboni, kimya. Akakanyaga tena, bila kitambaa wala uzi.

"Unashona nini, mwanangu? Upepo?" Mama mkwe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama, mtoto hachezi."

"Si nimekusikia ukiguna sasa hivi, anakurukia?"

"Alitapatapa vibaya, halafu basi. Hata cherehani haimwamshi."

Mama mkwe aliweka kiganja tumboni, akatabasamu. "Ametulia. Mshukuru Mungu, umepata mtoto mtulivu. Mwezi wa tisa chumba kimembana, atarukia wapi? Baba yake naye alitulia hivi hivi, anakusanya nguvu za kutoka. Kunywa chai, ujinyooshe kidogo."

Ametulia. Katika nyumba ile hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Kijana mwema ametulia. Mzee mwenye busara ametulia. Hata jiko lisilotoa moshi lilisemwa limetulia. Fundi mwenyewe alichaguliwa kwa neno hilo. "Binti ametulia," walisema wakwe, na posa ikapelekwa. Angewezaje kulikataa neno lililomfungulia mlango?

Uani, shemeji alikuwa anapakia kreti. "Mama Kengele!" aliita kupitia dirisha. "Leo umelia mapema!"

Fundi alikitazama kikombe. Alingoja teke moja tu, hata dogo, la kumwokoa na aibu. Halikuja. Basi akavua utepe wa kupimia shingoni, akauweka juu ya cherehani, akasimama.

"Shemeji, ondoa mikate kiti cha mbele. Nakwenda hospitali."

"Tena? Shemeji, wenye maduka wananingoja!"

"Kengele imelia. Utanicheka njiani."

Shemeji akamwangalia usoni, akaondoa mikate. Mama mkwe alijitupia mtandio, akapanda nyuma kati ya kreti, akinung'unika kwamba chai nzuri inapoa bure.

Mkunga aliwapokea mlangoni mwa wodi. "Alitapatapa, kisha ametulia," mama mkwe alieleza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa usumbufu.

"Mama," mkunga akasema, huku tayari ameshamshika Fundi mkono, "mtoto wa nje akitulia, msifu. Wa ndani akitulia, mlete."

Walimlaza, wakamfunga mikanda tumboni, na mashine ikaanza kusema. Fundi alishusha pumzi. Ilikuwa sauti aliyoijua: tiki-tiki-tiki, ya haraka, kama cherehani iliyo chumba cha pili na fundi wake ana kazi ya kesho.

"Ndiyo nini hiyo?" mama mkwe aliuliza.

"Moyo wake."

Bibi yule alizaa watoto wanne, lakini moyo wa mtoto asiyezaliwa hakuwahi kuusikia. Alivua mtandio kichwani ili asikie vizuri. Akasimama hivyo, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kubisha.

Kisha sauti ikapungua. Tiki... tiki... Fundi hakuhitaji kutafsiriwa. Hivyo ndivyo inavyolia cherehani fundi anapoondoa mguu kwenye kanyagio. Ikarudi, ikakimbia, ikapungua tena. Daktari aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, wala hakukaa.

"Mtoto amechoka," alimwambia Fundi. "Tunamtoa sasa, kwa upasuaji."

Walimdunga sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho. Mbele yake palitundikwa kitambaa cha kijani, na kwa mazoea aliutazama upindo wake: mshono ulikuwa umepinda. Alikuwa bado anautazama mshono ule alipohisi anavutwa, kisha akawa mwepesi. Kilio hakikuja. Alisikia watu wakisugua kwa taulo, wakisugua tena. Dunia nzima ilikuwa imetulia, na Fundi aliomba kwa nguvu zote isitulie.

Mtoto akalia.

Kilikuwa kilio kibaya, cha mlango unaohitaji mafuta, na kila mtu chumbani akacheka.

Baadaye, binti akiwa kifuani mwa mama yake, mkunga alileta bakuli la chuma. "Njooni muone." Ndani yake kulikuwa na kamba ya kitovu, nene, yenye kung'aa, na katikati yake fundo.

"Nani kalifunga?" mama mkwe aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Alipokuwa mdogo ana nafasi ya kuogelea, alipita ndani ya kitanzi cha kamba yake. Miezi yote fundo lilikuwa limelegea. Leo lilikaza."

Fundi aliinamia bakuli. Maisha yake yote alifunga mafundo, na hakuwahi kuona mfano wa hili. Limefungwa bila kidole, gizani, na mtu asiyejua kama ana mikono. Na kupitia kitobo chembamba kilichobaki, uhai ulikuwa umepenya asubuhi nzima.

"Fundi kazaa fundi," shemeji alisema mlangoni, amekumbatia mkate. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama Kengele, usiache kulia, shemeji yangu."

Siku waliyoruhusiwa kurudi nyumbani, Fundi alimwandikia mumewe. Alieleza yote, kisha akakata uzi mwekundu, akaufunga fundo moja, legelege, kama lile lilivyokuwa kabla ya kukaza, akauweka ndani ya karatasi. *Usilifungue,* aliandika. *Lishike tu.*

"Umalizie na neno langu," mama mkwe alisema. Mtoto alikuwa begani mwake, analia kama mlango ule ule, na bibi hakufanya lolote kumnyamazisha. "Mwandikie kwamba mwanawe hajatulia. Hajatulia hata kidogo, alhamdulillahi."

Fundi aliandika. Akalamba gundi ya bahasha, akaifunga kwa kiganja, akampa shemeji dirishani. Yeye akaiweka kwenye kiti cha mbele, mahali pasipokuwa na mikate, na gari likaondoka kuelekea posta.