Kabichi za Ziada

Bibi Mal-rye alikuwa akichambua pilipili kizingitini wakati kipaza sauti cha kijiji kilipokohoa, na mwenyekiti Tak akatangaza kwamba wilaya nzima ya Haenam ina ziada ya kabichi, hivyo mtu asivune. Mchuuzi Pyo alikuwa amenunua kabichi zote za shamba la bibi zikiwa bado changa, kama wafanyavyo wachuuzi wote wa huko. Bei ilipoanguka, akaingia mitini. Kabichi zilibaki mali ya Pyo, na jirani aliyewahi kukata mbili tu zilizokwisha kununuliwa na mchuuzi wake alifikishwa mahakamani.

Binti wa bibi alikuwa amejifungua Seoul, na chakula hakimshuki bila kimchi ya mama yake, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili. Kimchi hutiwa mitungini kabla ya barafu, na barafu ilikuwa karibu. Bibi akamfuata Tak.

"Mwenyekiti, hebu nieleze, ziada maana yake nini?"

"Maana yake hakuna anayezitaka, bibi."

"Mimi nazitaka."

"Aa, wewe si soko, bibi yangu. Wewe huhesabiwi."

"Basi neno lenu halina adabu."

Alfajiri iliyofuata kabichi zilijing'oa, zikajikung'uta udongo, zikaja uani kwa bibi. Hazikutulia. Zilisukumana, zikagongagonga mitungi, zikachungulia jikoni. Bibi alizifukuza kwa ufagio huku moyo ukimuuma, maana zilikuwa nzuri hasa.

"Rudini shamba! Mnataka nifungwe?"

Hazikurudi. Tak alikuja kuzitazama, akasema hata zikiwa uani bado ni za Pyo. Alimpigia simu. Pyo alijibu kwamba kuzisafirisha ni hasara tupu, ziachwe zioze hapohapo.

Bibi akaenda kupanda basi la mjini. Kabichi zilimsindikiza hadi kituoni, na dereva akasema hizo hazipandi bila tiketi. Sokoni, kabichi moja ilikuwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

"Ghali hivi?"

"Hazipatikani, mama. Huko mashambani hakuna anayevuna."

Bibi alinunua tatu.

Aliporudi, zile nyingine zilikuwa bado zinamngoja kituoni, zikihangaika huku na huko, majani yameanza kunyauka. Kabla ya kushuka alivua shali yake, baridi ilivyo kali, akazifunika zile tatu za sokoni, hizi za kituoni zisizione.