Jina la Aliyeleta Gunia

Mume wangu Muzamili aliuawa na kitu kilichoingia yadini ndani ya gunia, na hakuna aliyejua gunia hilo lilikuja na nani. Alikuwa amechuchumaa na nyundo, anagonga ukanda wa shaba utoke, kama alivyogonga vyuma vingine vingi. Mimi nilikuwa sokoni nachagua bamia. Niliposikia mlio nilizitupa bamia, nikakimbia. Nilikuta bati la paa limening'inia kwenye waya wa umeme na ukuta umelowa hadi juu. Mume wangu nilimtambua kwa mkanda wake. Obitre, mfanyakazi wetu, alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake wa kulia ambao haukuwepo tena. Alikuwa bado hajaanza kulia.

Sisi tunanunua vyuma chakavu hapa Arua. Katika kazi hii mtu haulizwi jina. Analeta, unapima, unalipa, anakwenda zake. Ukijitia kuuliza, kesho anapeleka kwa jirani. Ndiyo maana kengele ya shule ikipotea Jumatatu, Jumanne imeshakatwa vipande, na kila mtu anakutazama kwa macho makavu. Kwa hiyo nilipouliza nani alileta lile gunia, nilijibiwa jambo moja na wote: watu huja wengi, mama, nani atawakumbuka.

Mwaka mzima nililitaka jina hilo. Nisiwadanganye, sikulitaka ili nisamehe. Nikimchinja kuku nilikuwa namchinja yeye. Nikikaa kwenye mkeka wa swala, badala ya kumwombea marehemu nilikuwa nampangia mtu huyo kifo, leo kwa panga, kesho kwa mafuta ya taa.

Aliyenishikilia nisipotee kabisa ni Candiru, mkulima wa Aroi. Alikuwa akituletea vipande vya chuma anavyovifukua shambani kwake, na siku ya mazishi alitokea na debe la maharage kichwani, akaingia jikoni bila kuulizwa. Mimi Mnubi, yeye Mlugbara wa kanisani, lakini eda yangu yote alinipikia yeye. Nilipokuwa nikizinduka usingizini napiga mayowe, alinifunga mikono kwa kitenge chake ili nisijikwaruze uso. Nilimwambia yote niliyotaka kumfanyia mwenye gunia, moja baada ya jingine, na alisikiliza. Mara nyingine alitoka nje kutapika, nami nikadhani ana malaria.

Basi serikali ikaja na kanuni mpya. Kila mnunuzi wa vyuma chakavu atajaza fomu: jina la aliyeleta, namba ya kitambulisho, kijiji, na mahali chuma kilipotoka. Kabla ya kuipitisha walitaka maoni ya wenye biashara, na mkutano wa Arua na Koboko ukawekwa Koboko. Tangazo lilisomwa redioni nikiwa nasonga ugali. Niliuacha ukaungua.

Shemeji yangu Hakimu, mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa wanunuzi, alinijia asubuhi kabla ya safari. Alijua nitasema nini. Alinikunja mtandio shingoni hadi nikasimama kwa vidole vya miguu.

"Shemeji, wewe kaa nyumbani, pika," alisema. "Hiyo mkutano iko ya wanaume ya biashara. Ukifungua mdomo kule, mimi nitavunja hiyo mdomo."

"Nitapika," nilimjibu aliponiachia. "Na wewe nitakutilia sumu."

Sina mdomo wa asali, na sijawahi kusema ninao. Lakini peke yangu kati ya wanaume wale niliogopa, kwa hiyo nilimpitia Candiru Aroi na kumwambia anisindikize. Alikataa. Nikamwambia kama ni dada yangu ataingia kwenye gari, na kama si dada yangu arudi kwenye muhogo wake nisimwone tena. Akaenda kunawa miguu, akaja.

Tulikaa nyuma ya pikapu, tumeegemea magunia ya vitunguu. Njia nzima alishika rozari yake bila kuihesabu. Tulipokaribia Koboko aliniuliza, "Mama Shafiki, hiyo jina ukiipata, utafanya nini?"

"Nitamuua."

"Basi," alisema, akageuka kutazama mashamba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanunuzi wa Arua upande mmoja, Obitre akiwa kati yao, wa Koboko upande wa pili, madalali wa mpakani wamesimama nyuma, na askari mmoja mlangoni anabonyeza simu. Mbele alikaa Peace, binti wa wizara, mpole, na rundo la karatasi mezani. Alieleza kwamba kanuni bado ni rasimu, hakuna aliyekuja kuamrisha, na kila atakachosikia atakiandika pamoja na jina la aliyesema.

Wakaanza. Mmoja akauliza nani atalipa fotokopi. Mwingine akasema wakimbizi na watu wa ng'ambo ya mpaka hawana kitambulisho cha Uganda, je, chuma chao kiliwe na kutu? Mzee wa Koboko akasema maelezo hayohayo wilaya inayataka, polisi wanayataka, watu wa mazingira wanayataka, na yeye ana kalamu moja. Watu wakacheka. Mwingine akasema fomu imeandikwa Kiingereza na yeye anasoma mizani tu. Hayo yote yalikuwa ya kweli, siwezi kuyakataa. Peace aliandika kila neno, na nilimpenda kwa hilo.

Nikasimama.

"Mimi naitaka hiyo fomu," nilisema. "Mnalia fotokopi. Mume wangu nilimzika ndani ya shuka mbili kwa sababu hamtaki kuandika mstari mmoja. Mtu alileta bomu, akalipwa, akaenda kununua sabuni. Leo anakula, analala. Kama kungekuwa na karatasi, ningejua mlango wake."

Hakimu aliinuka polepole na kipaza sauti mkononi.

"Madamu, huyu mama ni mjane, kichwa yake imechoka," alimwambia Peace. "Hiyo bomu hapana mutu alileta. Ndugu yangu mwenyewe alienda kuchukua kwa mpaka, alitaka shaba. Tamaa ndiyo iliua yeye. Sasa karatasi itasaidia nini?"

Mwongo yule. Ili tu fomu isipite, alimfukua ndugu yake kaburini akampaka uchafu mbele ya watu. Niliruka viti viwili nikamparura uso. Alinipiga na kipaza sauti mdomoni, na spika zikatoa kishindo ambacho ukumbi mzima ulikisikia. Nilitema jino. Akanishika nywele, akaniinamisha, akaninyanyulia goti usoni, na watu mia wakatazama kama wanatazama mpira. Peace alipiga kelele askari aje. Askari alikuwa bado anatafuta mfuko wa kutilia simu yake.

"Wacha yeye!"

Alikuwa Candiru. Amesimama juu ya benchi, kitenge kimemlegea, na mimi sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Hapana Muzamili," alisema. "Muzamili hapana mwizi. Ni mimi. Mimi nilileta hiyo kitu. Ilikuwa ndani ya gunia ya maharage. Jembe iligonga yeye kwa shamba ya muhogo, nikafikiri ni chuma ya gari."

Hakimu aliniachia. Nilimwendea Candiru nikiwa na damu kidevuni. Alishuka kwenye benchi akanisubiri, mikono imelala pembeni. Nilikuwa na mwaka mzima wa mapanga kichwani, na nilichokuwa nacho mkononi ni kofi. Nililipiga kwa nguvu zangu zote. Alianguka kati ya viti.

Hapo ningeweza kusema nikamwinua. Sikumwinua. Nilisimama namtazama, nahema, na katika kusimama kwangu wao waliona ruhusa.

Obitre alikuwa wa kwanza kufika, maana mkono wake ulikuwa umelala kaburini na yeye alikuwa amepata mtu wa kumdai. Alimpiga teke la tumbo, kisha la pili. Hakimu, ambaye dakika ile tu alikuwa amesema hakuna mtu aliyeleta bomu, alilia kwa sauti, "Huyu ndiyo aliua ndugu yangu," akachukua kiti cha chuma akakishusha mgongoni kwa Candiru. Kisha wakaja wengine. Watu wa Koboko waliokuwa hawajawahi kumwona Muzamili hata picha walikanyaga. Mzee wa kalamu moja alikanyaga. Walikuwa wakisukumana wapate nafasi. Nilisikia mfupa ukivunjika, na mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu amekanyaga kuni jikoni.

Ndipo nilipopata akili. Nilipiga kelele waache, na hakuna aliyenisikia. Nilimng'ata mtu mkono hadi ulimi wangu ukaonja chumvi yake. Nikapenya, nikamlalia Candiru kifudifudi, na mateke yakaendelea kuja kwangu, kwani waliokuwa wakipiga walikuwa hawatazami tena. Ubavu wangu ulipasuka upande wa kushoto. Uso wake ulikuwa chini ya uso wangu, jicho moja limefunga.

"Kila siku nilitaka kuambia wewe," alisema sikioni mwangu. "Lakini wewe ulikuwa nalia sana."

Askari alipiga risasi darini. Vumbi likamwagika, watu wakapita madirishani, na ukumbi ukabaki na viti vilivyopinduka, viatu visivyo na wenyewe, na karatasi za Peace zimekanyagwa kila mahali.

Walituweka nyuma ya pikapu ileile kutupeleka hospitali ya Arua. Magunia ya vitunguu yalikuwa yameshashushwa, kwa hiyo nilimlaza kichwa mapajani mwangu, nikamfunga kitenge chake kifuani kama alivyokuwa akinifunga mimi. Nilimwomba radhi hadi sauti ikakauka. Tulipofika Ombaci, karibu kabisa na Arua, mwili wake ulikuwa umeshapoa. Nililia hadi ubavu uliovunjika ukanikataza kulia.

Tulimzika Aroi, kando ya shamba lake la muhogo. Siku iliyofuata polisi wa Koboko walituita wote ukumbini kulekule. Sakafu ilikuwa imeoshwa kwa sabuni ya unga, na bado doa lilikuwepo. Hakimu alinisubiri mlangoni na plasta usoni.

"Shemeji, sisi ni damu moja," alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Ulitaka mutu, umepata. Wewe nyamaza tu. Mambo itaisha."

Afisa wa polisi aliketi mbele. Peace alikuwa kando yake kama shahidi. Afisa aliuliza nani alimpiga marehemu, na walisimama mmoja mmoja kumjibu.

"Watu tu, afande."

"Ilikuwa vurugu, afande. Watu wengi."

"Majina hatujui."

Mzee wa kalamu moja alisema alikuwa nje, anakojoa. Obitre alisema yeye ana mkono mmoja, angempiga nani. Majirani wa duka kwa duka, waliooana na kuzikana, kila mmoja hakumjua aliyesimama ubavuni kwake. Niliwasikiliza, nikatambua kwamba hivi ndivyo walivyonijibu mimi mwaka uliopita, kwa maneno yaleyale na macho yaleyale makavu.

Peace aliinua karatasi yenye alama ya kiatu.

"Mama, siku ile hukumaliza maoni yako," aliniambia kwa sauti ndogo.

"Sasa namaliza. Andika."

Nilisimama nimeshika ubavu. Hakimu alikohoa, akanikazia macho. Nikamtazama huku nikitaja.

"Hakimu, mwenyekiti wa wanunuzi, mdogo wa marehemu mume wangu. Alipiga na kiti. Obitre, anakaa yadini kwangu. Alipiga kwa mguu, tumboni. Huyu mzee hapa, mwenye kofia ya kijani. Alikanyaga mkono."

Niliendelea hivyo safu kwa safu, na kila niliyemtaja aliinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma alisema nitauawa, na nikamwambia ataje na yeye jina lake ili liandikwe. Peace aliandika. Afisa naye aliandika.

"Ni hao?" afisa aliuliza.

"Bado mmoja. Ruqaiya binti Sulaiti, wa Arua. Huyo ndiye aliyempiga wa kwanza."

Watu waligeukiana. Katika ukumbi ule wote waliniita Mama Shafiki, na hata Hakimu alichelewa kuelewa.

Afisa alimaliza kuandika, akainua macho. "Na huyo Ruqaiya tutampata wapi?"

Nikafungua mkoba wangu, nikamwekea kitambulisho changu mezani.