Wilaya Iliyofuzu

Mkurugenzi wa mipango huko makao makuu ya Umoja wa nchi zetu, ambaye sisi wa ofisi ya wilaya tunamwita Bwana Takwimu, hapendi kutoa habari mbaya. Akilazimika, huivalisha suti kwanza. Ndiyo maana asubuhi ile aliponipigia simu alianza kwa pongezi.

"Hongera, dada. Wilaya yenu imefuzu."

Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika. Karani wetu, mwanamke mwema ambaye mdomo wake hauna breki, akalidaka neno hilo moja tu na kutoka mbio. Simlaumu. Kwetu anayefuzu hupewa nafasi aliyoiomba. Nani angedhani kwamba kwa Bwana Takwimu anayefuzu ndiye anayenyang'anywa?

"Imefuzu nini?" nikauliza.

"Imetoka kwenye kundi la wilaya maskini. Mfuko wa maendeleo hauwahusu tena."

"Tumetajirika lini?"

Akakohoa. Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Nchi mpya zimejiunga na Umoja, nazo ni maskini kutuzidi. Kwa hiyo wastani wa kipato cha Umoja mzima umeshuka. Sisi hatukupanda popote. Mstari wa umaskini, unaopimwa kwa wastani huo, ndio ulioshuka ukatupita, na sasa tunahesabiwa kuwa juu yake.

"Na mashine za figo mlizotuahidi?"

"Zitaenda kwa wanaozihitaji zaidi. Ndiyo haki yenyewe, dada."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kama ningezaliwa katika nchi hizo, ningedai vilevile. Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yangu asingenisamehe.

Hospitali iko mtaa wa pili kutoka ofisini. Chumba cha kusafishia damu kilikuwa karibu tayari: rangi imekauka, mabomba yamefungwa, vitanda vimetandikwa, zimebaki mashine tu. Kaka yangu, ambaye mji mzima humwita Fundi, ndiye aliyevuta nyaya zote za umeme, na kila soketi aliirudia kuipima, kwa sababu mgonjwa wa kwanza angekuwa mkewe. Figo za wifi yangu zimekufa. Mara tatu kwa wiki hupanda basi alfajiri kwenda jijini kusafishwa damu, na hurudi akiwa hoi hata salamu haitoki. Juzi alituambia mwili umegoma, anajikaza kwa ajili ya chumba hiki tu.

"Kisipofunguliwa," alisema, "mimi na basi, basi."

Tulicheka, maana wifi ni mtu wa utani. Yeye hakucheka.

Nilipoingia nilikuta makofi. Karani alishanitangulia, na wauguzi walikuwa wanakumbatiana. Wifi ameketi kwenye kitanda cha dirishani, miguu inaning'inia, uso umemng'aa, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Wifi, tumefuzu," akasema. "Njoo uone, nimeshachagua kitanda changu. Hapa nitakuwa naona watu wanaopita."

Miaka yote kazi yangu ni kuwaeleza watu mipango ya wakubwa, na mbele yake sikupata hata pa kuanzia. Fundi alikuwa juu ya ngazi akifunga taa. Akanitazama usoni, akashuka.

"Sema," akaniambia.

Nikasema yote: nchi mpya, wastani, mstari. Makofi yakafa. Karani akajiziba mdomo kwa viganja viwili, amechelewa.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hao waliojiunga, hawana mashine hata moja?"

"Wengine hawana hata umeme wa kuziwashia."

"Masikini," akasema, na alikuwa anawahurumia kwelikweli. Hapo ndipo nilipolia. Hasira yangu yote ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia, na yeye mwenye haki ya kukasirika alikuwa anawaonea huruma watu asiowajua.

Akashuka kitandani, akalinyoosha shuka pale alipokuwa amekaa.

"Kesho ni siku yako ya kwenda jijini," nikamwambia. "Nitakusindikiza. Nitakubebea mkoba, utanilalia begani njia nzima. Na hawa wa makao makuu nitawasumbua mpaka wanichoke. Wifi, nipe muda kidogo tu."

"Haya, wifi," akajibu, akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

Nililipokea neno hilo kama ndiyo. Nikarudi nyumbani nimejipa moyo, nikafungasha maji na blanketi jepesi, maana baada ya kusafishwa damu husikia baridi.

Alfajiri nilifika kituoni kabla ya basi, nikakata tiketi mbili. Fundi akaja peke yake. Hakuwa na mkoba wala chochote mkononi, na shati alikuwa amelifunga vifungo kombo.

"Anakushukuru," akasema. "Amesema basi hapandi tena. Usimsubiri, na usimlaumu mtu."

Basi likaja. Kondakta akauliza kama tunapanda, na Fundi akamtikisia kichwa.