Njia ya Mabega

Asubuhi ile ya Juni 1944, nje kidogo ya pwani ya Normandi, Norris Tindall alikunywa chai ya maziwa kwenye kopo, akaipaka grisi winchi ya kuteremshia mlango wa boti, akasubiri askari wamalize kutapika. Alikuwa nahodha wa boti ya kuteremshia wanajeshi ufukweni, na aliogopa.

Katika safari ya kwanza, mizinga ya Wajerumani ilipoanza kupiga, boti iligota kwenye fungu la mchanga. Manahodha wote walikuwa wamefundishwa kwamba ukigota unaongeza mwendo mpaka uvuke, kwa sababu kati ya fungu na ufukwe kuna kina kirefu. Norris alilijua hilo. Hofu ilimzidi, akateremsha mlango hapohapo. Askari wakatoka wakikimbia, wakazama na mizigo yao. Amri ilikataza kuokota mtu majini, kwa hiyo akageuza boti.

Alipofika kwenye meli kubwa iliyobeba askari, Luteni Garside aliinama kutoka juu, akauliza mbona boti imerudi imejaa. Norris akatazama nyuma. Wale waliozama walikuwa wameketi palepale walipoketi mwanzo, wakichuruzika maji.

"Hawajafika, afande."

"Basi wapeleke tena. Hawa wengine wabanane nao."

Kundi la pili likashuka kwa wavu wa kamba uliotundikwa ubavuni mwa meli. Wa mwisho alikuwa Desmond, mdogo wake Muriel, mke wa Norris. Alijipenyeza katikati ya marehemu wawili, akamwomba radhi mmoja kwa kumkanyaga.

"Shemeji, unatufikisha mchangani kabisa, sivyo? Mimi kuogelea sijui. Nikizama, dada atakutoa roho."

"Nitawafikisha."

Boti ilipogota, kombora likapasua boti ya jirani, na mkono wa Norris ukaenda wenyewe kwenye winchi. Koplo Ackroyd, mmoja wa waliozama asubuhi, alimgeukia bila hasira.

"Ungevuka kidogo tu, mkuu."

"Naogopa."

"Tunajua."

Mlango ukashuka, marehemu wakatangulia. Wakajipanga majini bega kwa bega mpaka ufukweni, na walio hai wakapita juu ya mabega yao. Desmond alifika mchangani na viatu vikavu, akapunga mkono. Norris akalia kwa faraja.

Luteni aliiona njia ile kwa darubini, akaipenda, akaamuru boti zote ziteremshie hapo. Hakuna nahodha aliyepinga. Lakini maji yalikuwa yanajaa, ufukwe ukazidi kuwa mbali, na alasiri likabaki pengo kati ya mwisho wa njia ile na nchi kavu. Askari wa Norris wakasita mlangoni.

Mtu mmoja akashuka kutoka mchangani, akaingia majini, akasimama kwenye pengo. Alikuwa Desmond. Koti lake lilikuwa na tundu la risasi kifuani.

"Nilikufikisha, Des," Norris alimwita.

"Ulinifikisha, shemeji. Huko juu ufukweni ndiko kubaya. Waambie wapite, maji yanapanda."

Yalikuwa yamepanda sana. Sasa boti ingeweza kuvuka fungu bila kugusa chini, na Norris aliliona hilo. Alitaka kumuuliza Desmond amwambie nini Muriel, ila askari walikuwa wameshaanza kupita. Alipoona buti la kwanza limekanyaga bega la shemeji yake, alitazama pembeni. Kisha akapandisha mlango, akarudi kuchukua wengine.